Jinsi ya kufuatilia mwenyewe ibada ya Jumapili ilianzia wapi (bila kutegemea klipu za dakika mbili)

Ubishi wa Jumamosi na Jumapili hauishi, na nadhani hauishi kwa sababu watu wanabishana kwa skrini shoti. Mmoja anarusha klipu "Constantine ndiye aliyebadilisha Sabato" (yule kaisari wa Roma wa karne ya nne), mwenzake anajibu kwa mstari mmoja wa Matendo, wanatupiana maneno mpaka admini anafunga grupu. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kuna siku nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba mtaguso wa Nisea, yaani ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ndio uliohamisha Sabato, mzee mmoja akaniuliza kwa upole tu, "mwanangu, kanuni ya ngapi hiyo?" Zile kanuni ziko 20 basi, unazimaliza hata chai haijapoa, na mi nilikuwa sijasoma hata moja. Niliona aibu sana.

Kwa hiyo hapa sikwambii usali lini, hilo malizana nalo na dhamiri yako. Nakuonyesha njia niliyotumia kuifuatilia hii historia mwenyewe. Unahitaji Biblia, daftari, intaneti ya kusomea maandiko ya zamani (mengi yapo bure na ni mafupi), na jioni mbili tatu zenye utulivu.

Anza na kalenda iliyoko kichwani mwako

Hii watu wanairuka halafu inawagharimu baadaye. Sisi tunaoongea Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe ambao Mzungu hana. Biblia inasema "siku ya kwanza ya juma", sasa ukiangalia majina yetu, Jumamosi ni mosi, Jumapili ni ya pili, kwa hiyo nimeshaona mtu anasema eti Yesu alifufuka Jumamosi maana ndiyo siku ya kwanza! Hapana bwana. Majina yetu yanahesabu kuanzia baada ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku ya kukusanyika kwa Waislamu na lugha yetu imelelewa pwani. Biblia inahesabu kwa Kiyahudi, ambapo ya saba ni Sabato na inayofuata ndiyo ya kwanza.

Na uthibitisho upo humo humo kwenye Kiswahili, huhitaji kwenda mbali. Angalia Jumatano, ni ya tano. Kesho yake Alhamisi, ambalo ni neno la Kiarabu linalotoka kwenye tano pia. Siku mbili zimefuatana na zote ni "tano"! Hapo hesabu mbili zimegongana ndani ya wiki moja. Alhamisi imebaki na ile hesabu ya zamani, kwa hiyo shika Alhamisi kama ya tano urudi nyuma kwa vidole: Jumatano nne, Jumanne tatu, Jumatatu mbili, Jumapili moja. Ndiyo hiyo. Waarabu mpaka leo Jumapili wanaiita al-ahad, yaani ya kwanza, na Wareno Jumatatu yao wanaiita ya pili.

Kitu cha pili kwenye kalenda ni mwanzo wa siku. Kwa Wayahudi siku inaanza jua likizama, sio saa sita usiku. Hapa sisi tuna afadhali, maana wazee wetu walihesabu hivyo hivyo, ukiwaambia "usiku wa Ijumaa" wanaelewa usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Weka hilo akilini, tutalihitaji tukifika Troa, ule mji wa Matendo 20.

Chora safu tatu kwenye daftari

Hii ndiyo hatua iliyonifungua macho, kwa hiyo usiifanye kwa haraka. Swali "Jumapili ilitoka wapi" kwa kweli ni maswali matatu yaliyofungwa kamba moja:

Safu ya kwanza, lini Wakristo walianza KUKUTANA Jumapili.
Safu ya pili, lini Jumapili ikawa siku ya KUPUMZIKA.
Safu ya tatu, lini watu walianza kufundisha kwamba Jumapili NDIYO Sabato, yaani amri ya nne imehamia huko.

Kila ukisoma kitu jiulize kinaingia safu gani. Utashangaa, mtu anakuletea ushahidi wa safu ya pili akidhani amejibu ya kwanza, na anayempinga naye anajibu kwa ushahidi wa ya kwanza akidhani amemaliza ya tatu. Wote wawili wana maandiko ya kweli na wote wanapishana kama treni.

Soma Biblia, na soma zile ambazo hazikupendezi pia

Orodhesha kwanza za siku ya kwanza. Injili zote nne zinasema kaburi lilikutwa wazi siku ya kwanza ya juma, hapo hakuna ubishi. Yohana 20 anaongeza kwamba jioni ya siku hiyo wanafunzi walikuwa pamoja wamefunga milango kwa hofu, Yesu akawatokea, halafu baada ya siku nane tena, Tomaso akiwepo. Afu kuna 1 Wakorintho 16:2, Paulo anaagiza kila mtu siku ya kwanza ya juma aweke akiba kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Soma vizuri hapo, anasema aweke "kwake", sio lazima iwe sadaka inayokusanywa kanisani, ila lazima ujiulize kwa nini achague siku hiyo na sio nyingine. Na Ufunuo 1:10, Yohana anasema alikuwa katika Roho "siku ya Bwana" bila kusema ni siku gani ya wiki.

Sasa Matendo 20:7, hapa kaa kidogo. Wako Troa, siku ya kwanza ya juma, wamekutana kumega mkate, Paulo anahubiri mpaka usiku wa manane, taa nyingi zinawaka, kijana Eutiko anasinzia dirishani anaanguka toka orofa ya tatu (wanaolalamikia mahubiri marefu wana mtetezi wao hapo). Swali ni usiku upi huo? Ukihesabu Kiyahudi, siku ya kwanza inaanza Jumamosi jua likizama, kwa hiyo huo ni usiku tunaouita sisi wa Jumamosi kuamkia Jumapili, na Paulo kesho yake, mchana wa Jumapili, alikuwa njiani anatembea kwa miguu kwenda Aso. Ukihesabu Kirumi basi ni Jumapili usiku. Na usikimbilie kusema Wayahudi wote waliandika kwa hesabu moja, maana ile jioni ya Yohana 20 bado anaiita siku ya kwanza. Andika zote mbili, songa mbele.

Kisha orodhesha za Sabato. Matendo 13:14 na 13:42 hadi 44, Matendo 16:13 mtoni Filipi, Matendo 18:4 Korintho kila Sabato kwenye sinagogi. Paulo anaonekana Sabato mara nyingi kuliko siku ya kwanza, huo ndo ukweli wa kurasa. Mwingine atakwambia alienda sinagogi kwa sababu ndiko watu wa kuhubiriwa walikuwepo, na hiyo nayo ina nguvu, ila mtoni Filipi hakukuwa na sinagogi na bado walitoka siku ya Sabato. Ongeza Warumi 14:5 na Wakolosai 2:16 ambazo zinaonyesha kwamba tayari wakati ule waumini walikuwa wanahukumiana kwa ajili ya siku. Yaani huu ubishi ni mkongwe kuliko makanisa yetu yote.

Ukimaliza angalia safu zako. Ya kwanza ina dalili kadhaa. Ya pili tupu kabisa, hakuna mtu anapumzika Jumapili kwenye Agano Jipya. Ya tatu tupu pia.

Toka nje ya Biblia ukifuata miaka

Kanuni moja tu: soma kwa mpangilio wa tarehe. Usimruhusu mtu akurukishe toka mitume mpaka Constantine, maana katikati hapo kuna karibu miaka 250 na hapo ndipo jibu lilipo.

Anza na Didake, kitabu kidogo cha mwongozo wa kanisa ambacho wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Kilikuwa kimepotea, nakala ikaja kupatikana Constantinople mwaka 1873 na kuchapishwa 1883. Sura ya 14 inasema mkusanyike siku ya Bwana, mmege mkate na kushukuru, mkiwa mmeungama kwanza. Neno la Kigiriki lililotumika, kyriake, ndilo Wagiriki wanaita Jumapili mpaka leo. Na Wakatoliki wanaosema Dominika wanatumia neno lenye maana hiyo hiyo kwa Kilatini, siku ya Bwana.

Halafu Ignatius, askofu wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya pili, akiwa anapelekwa Roma kuuawa anawaandikia Wamagnesia kuhusu watu wasioshika tena Sabato bali wanaishi kwa kufuata siku ya Bwana. Tahadhari, hapo wataalamu wanavutana, maana hati ya Kigiriki inasomeka kama "maisha ya Bwana" na sio "siku". Ukiitumia kwenye mjadala sema na hilo, usifiche, utaaminika zaidi. Waraka wa Barnaba sura ya 15 hauna utata huo, unasema wazi tunaifurahia siku ya nane ambayo Yesu alifufuka. Siku ya nane ndiyo ya kwanza ikizunguka tena.

Kisha msikilize mtu wa nje. Pliny alikuwa gavana wa Kirumi huko Bithinia, Uturuki ya leo, na kama mwaka 112 anamwandikia kaisari Trajan kwamba amewahoji Wakristo na wamekiri walikuwa wanakutana siku maalumu kabla hakujapambazuka, wanamwimbia Kristo kama mungu, wanatawanyika, halafu wanakutana tena kula. Hataji siku. Lakini ona hicho kitu, kabla hakujapambazuka! Mi nikisoma hapo naona watu wenye kazi za watu, watumwa wengine, wanaamka usiku wasali kisha wawahi kazini. Safu ya pili bado tupu.

Sasa fika kwa Justin Martyr, mwandishi Mkristo wa karne ya pili, na hapa tafadhali soma sura nzima mwenyewe, ni ya 67 ya utetezi wake wa kwanza, haijai hata ukurasa mmoja wa daftari. Yuko Roma, kama mwaka 155, anamweleza kaisari Antoninus Pius Wakristo wanafanya nini, maana uvumi ulikuwa mwingi. Anasema siku inayoitwa ya Jua wote wanaokaa mjini na mashambani wanakusanyika mahali pamoja, zinasomwa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, msomaji akimaliza kiongozi anatoa mawaidha, wanasimama wote wanaomba, unaletwa mkate na divai na maji, kiongozi anashukuru, watu wanaitikia Amina, wanagawana, na mashemasi wanawapelekea wasiokuwepo. Wenye uwezo wanatoa wanachotaka, kinawekwa kwa kiongozi, anasaidia yatima na wajane na wagonjwa na wafungwa na wageni. Mi nilipoisoma mara ya kwanza nilishtuka, hii si ndo ratiba ya ibada ninayoijua?

Na anatoa sababu mbili kwa nini siku hiyo: ndiyo siku ya kwanza ambayo Mungu aliigeuza giza akaumba ulimwengu, na ndiyo siku Yesu Kristo alifufuka. Amri ya nne haitaji kabisa, wala hasemi Sabato imehamia. Hapo safu ya kwanza imejibiwa bila wasiwasi, kwa Roma angalau: kufikia 155 Jumapili ni siku ya kukutana na mwandishi anaiongelea kama kitu cha kawaida, sio cha jana.

Lile la jua, lipime kwa tarehe

Utaambiwa Jumapili ni ya mungu jua. Usikatae wala usikubali, pima. Ni kweli Warumi waliiita siku ya Jua, na majina ya siku za sayari yalikuwepo kabla ya 79, kwani Pompeii iliyofunikwa na volkano mwaka huo ina orodha yake ukutani. Ni kweli pia kwamba kaisari Aurelian aliipandisha ibada ya Jua Lisiloshindwa kuwa ya dola. Lakini hiyo ni 274, zaidi ya miaka 100 baada ya Justin. Na Tertullian, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, kama mwaka 197, tayari anawajibu waliokuwa wanasema Wakristo wanaabudu jua, anawaambia ndiyo siku hiyo tunaifurahia ila kwa sababu tofauti kabisa na ya jua. Kwa hiyo tuhuma ni ya zamani na jibu ni la zamani. Jina la siku kuwa la kipagani halikuthibitishii chochote peke yake, maana siku ya saba nao waliiita ya Saturn, je Sabato ni ya Saturn?

Constantine sasa

Hapa usisikilize mtu, tafuta maneno ya sheria yenyewe, ni mistari michache. Tarehe 7 Machi 321, Constantine anaamuru kwamba mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku tukufu ya Jua, ila wakulima wa mashambani waruhusiwe kulima, kwa sababu mara nyingi hakuna siku nyingine inayofaa zaidi kupanda nafaka au mizabibu. Mwezi Julai mwaka huo huo ikaja nyingine, kwamba kuwaacha watumwa huru siku hiyo inaruhusiwa.

Jaza daftari. Hii ni safu ya pili! Constantine hakuanzisha kukutana Jumapili, kulikuwepo miaka zaidi ya 160 nyuma yake kwa ushahidi wa Justin peke yake. Alichofanya ni kuipa dola sheria ya mapumziko, na hicho ni kitu kikubwa, usikidharau. Halafu soma tena uone sheria haimtaji Kristo, haitaji Sabato, na inamruhusu mkulima ashike jembe, jambo ambalo Kutoka 20 isingemruhusu. Wanaosema "alibadilisha Sabato" na wanaosema "hakufanya lolote" wote hawajaisoma.

Nisea, 325, nishakwambia aibu yangu. Kuhusu siku, walishughulikia tarehe ya Pasaka, na kanuni ya 20 inasema Jumapili watu waombe wakiwa wamesimama badala ya kupiga magoti. Basi. Kuhamisha Sabato hamna.

Usiifute Jumamosi haraka

Hapa ndipo wapenzi wa Jumapili huwa wanakwepa. Mtaguso wa Laodikia, kama 363 au 364, kanuni ya 29 inakataza Wakristo kupumzika Sabato kama Wayahudi, wafanye kazi siku hiyo, waiheshimu siku ya Bwana na kupumzika ikiwezekana. Sasa tumia akili ya kawaida, huweki kibao cha "usikojoe hapa" mahali ambapo hakuna mtu anakojoa. Walikuwepo Wakristo wanaopumzika Sabato mpaka wakati huo, wakazuiwa. Na kanuni ya 16 ya mtaguso huo huo inataka Injili zisomwe Jumamosi, kwa hiyo hata wao bado walikuwa na kusanyiko siku hiyo.

Karne ya tano Socrates, mwanahistoria wa Constantinople (sio yule mwanafalsafa), anaandika kwamba karibu makanisa yote duniani yanaadhimisha meza ya Bwana siku ya Sabato kila wiki, ila ya Aleksandria na Roma yameacha kwa mapokeo fulani ya zamani. Wasabato wanaipenda sana nukuu hii na wana haki, ila haisemi kwamba makanisa hayo hayakukutana Jumapili. Wengi walikuwa na zote mbili. Ethiopia ndiko unakoweza kuona hili likiwa hai: wafuasi wa mtawa Ewostatewos walipigania Sabato ya Jumamosi, na mwaka 1450 kwenye mtaguso wa Debre Mitmaq, chini ya mfalme Zara Yaqob, kanisa likakubali siku zote mbili ziheshimiwe.

Safu ya tatu inajaa kwa kuchelewa

Hapa nitapita haraka. Ukitaka kuona Waprotestanti wenyewe walivyogawanyika, weka maungamo mawili (yaani matamko rasmi ya imani) ubavu kwa ubavu. La Augsburg la 1530, la Walutheri, kifungu cha 28, linasema wanakosea wanaodhani siku ya Bwana imewekwa badala ya Sabato kama kitu cha lazima, ilichaguliwa ili watu wajue lini wakutane. La Westminster la miaka ya 1640 huko Uingereza, sura ya 21, linasema siku ya saba ilibadilishwa kuwa ya kwanza tangu ufufuo na hiyo ndiyo Sabato ya Kikristo. Haya ni makanisa mawili ya matengenezo, yamepishana miaka kama 120, na majibu hayafanani hata kidogo. Na katikati ya karne hiyo hiyo ya 17, humo humo Uingereza, wakatokea Wabaptisti wa Siku ya Saba, waliokubali kwamba amri ya nne bado ipo ila wakauliza, kama ipo, nani aliihamisha? Waadventista walioanzisha kanisa lao rasmi 1863 swali hilo walilirithi kwao.

Ukifika hapo daftari lako linatosha. Siku hizi mtu akinirushia klipu namuuliza vitu viwili tu, andiko lipi na mwaka gani, halafu naangalia linaingia safu ipi. Wengi hawajibu. Yule mzee wa kanuni za Nisea alijibu, akanitumia Didake 14 yote na swali lake juu: Kigiriki pale kinasema "siku ya Bwana ya Bwana", neno limerudiwa mara mbili, unadhani kwa nini? Bado namdai jibu, au tuseme yeye ndiye ananidai.